Friza Lililotoka Bila Mkwaruzo

Inspekta Gatwiri alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni kwa Mama Mutuma akiwa na soksi tu, akapiga magoti sakafuni kama mtu aliyeangusha sindano. Konstebo Bundi alibaki kizingitini, buti zake zimejaa tope, hajui kama naye avue au asimame hapo hapo. Hakuvua. Soksi zake zilikuwa na matundu, na mkubwa wake alikuwa mwanamke.

Sakafu yenyewe ilistahili kupigiwa magoti, jamani. Ilikuwa ya mbao za muuru, ule mti mgumu wa msitu wa mlimani ambao mafundi wa Meru huutaja kwa heshima. Marehemu mume wa mwenye nyumba, Mzee Kithaka, fundi seremala, aliipiga ubao kwa ubao miaka ile majirani wote walikuwa wakimwaga saruji. Nta ilikuwa imeizoea, ikawa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa.

Basi Alhamisi, Mama Mutuma akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, friza lake kubwa lililokaa jikoni, lile la kufungulia juu, likatoweka. Mlango haukuvunjwa. Ijumaa polisi wakamkamata Kiambi, mwenye pikapu ya kubeba mizigo pale Makutano, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kiambi ndiye aliyelileta friza hapo lilipokuwa jipya, kwa hivyo alijua lilipo. Ya pili, sakafuni kulikuwa na madoa ya rangi ya damu kavu, yametambaa kutoka jikoni hadi mlango wa baraza, na Kiambi alikuwa na kidonda kibichi mkononi. Bundi alijumlisha madoa na kidonda, akapata mwizi. Jumatatu mwizi huyo angepandishwa kortini.

"Kikulacho ki nguoni mwako, madam," Bundi alisema kutoka mlangoni. "Aliyelileta ndiye aliyelichukua."

Gatwiri alilowesha kidole kwa mate akasugua doa moja. Halikutoka. Akainama akalinusa, akalisugua tena kwa ukucha.

"Bundi, shati lako la shule ya msingi lilikuwa na madoa?"

"La nani halikuwa nayo, madam? Ndizi hizo. Mama alinichapa mpaka..." Akaiangalia sakafu upya, kisha akaangalia buti zake.

Mtoto yeyote aliyekulia miteremko ya Mlima Kenya, awe wa Meru au wa Embu kama Gatwiri mwenyewe, anaujua utomvu wa mgomba. Hutoka kama maji, unaupuuza, kesho yake nguo imeshika weusi usiosikia sabuni wala jua. Madoa haya hayakuwa ya damu ya mtu. Yalikuwa mapana kama ganda linalobanduliwa kwenye shina la mgomba, mistari miwili iliyokwenda sambamba, na upana kati ya mistari ulikuwa upana wa friza. Mtu alikuwa ametandaza maganda mabichi, upande unaoteleza ukitazama juu, akalipandisha friza na kulisukuma polepole, akiokota maganda ya nyuma na kuyaweka mbele.

Na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Yaani, ulikuwepo mmoja, karibu na mlango, mrefu kama mkono, umefunikwa kwa mkeka. Mama Mutuma mwenyewe aliufunua. Akaeleza kwamba huo ni wa Kiambi, siku alipolileta friza na kuliburuta akiwa na haraka zake. Alieleza hayo kwa uchungu wa mtu anayeonyesha kaburi.

Gatwiri akaenda jikoni. Mahali friza lilipokaa palikuwa pasafi, hapana vumbi, hapana utando wa buibui, wala ganda la kitunguu. Pamefagiwa. Hata njia yote hadi mlangoni ilikuwa imefagiwa kabla ya maganda kutandazwa, kwa sababu punje ya mchanga chini ya uzito ule ingekwaruza kama msumari. Huyo mwizi alikuwa na adabu kuliko wageni wengi wa nyumba ile.

Mama Mutuma alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ameifunga kwa leso. Mwanamke mwembamba, mkulima wa chai, mikono yenye nguvu. Akarudia yale aliyoyasema Alhamisi na Ijumaa, bila kubadilisha hata neno.

"Niliwaambia. Mwanangu ana ufunguo. Mtafuteni mwanangu."

Mutuma, mtoto wake wa pekee, alitoka hapo miaka sita iliyopita. Alitaka karakana ya baba itengeneze vitanda vya mbao laini vinavyouzika haraka. Mzee akamwambia hakuzaa mtoto wa kutengeneza takataka, na kijana akaapa hatakanyaga tena sakafu ile mzee akiwa juu yake. Miaka miwili baadaye mzee akafa, akazikwa bila mkono wa mwanawe kutupa udongo. Tangu hapo hakuna aliyemwona, ila muumini mmoja aliyedai kumwona Embu, mtaa wa Majimbo. Mama alikwenda Majimbo, akabisha milango mpaka miguu ikavimba. Kijiji kizima kiliendelea kumwita Mama Mutuma, asubuhi hadi jioni, na kila aliyemwita alimkumbusha.

Gatwiri aliliweka hilo moyoni. Alikuwa ameona akina mama wengi wakishika Biblia na kuapa kwamba mtoto wao alilala nyumbani. Hakuwa ameona mama anayewasukuma polisi wamwendee mwanawe.

Akauliza kuhusu karakana ya marehemu, ambayo ilikuwa mwisho wa baraza, mlango una kufuli. Akajibiwa kwamba ufunguo ulipotea zamani. Akauangalia ua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano, tope tupu, na alama za magurudumu zilikuwa za gari la polisi pekee. Bundi alieleza kwamba wezi walilibeba hadi barabarani. Gatwiri akamwomba aonyeshe nyayo za watu wanne waliobeba friza kwenye tope lile, na Bundi akapata kazi ya kutazama mawingu.

Njiani kwenda kwenye gari walisimamishwa na Felicitas, jirani, aliyetaka kujua kama Kiambi ameungama. Alikuwa na masikitiko. Alisema Mungu hulipa ubaya hapa hapa duniani, na ubaya kumfanyia mtu mkarimu kama Mama Mutuma! Juzi tu, Jumatano, aliwagawia majirani maziwa yote na kuku wote waliokuwa ndani ya friza, eti stima ingepotea.

Stima haikupotea. Gatwiri alimshukuru, akapanda gari.

Kituoni, Ntinyari, mkewe Kiambi, alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya lango na chakula ndani ya hotipoti, kama alivyokaa jana. Hakulalamika. Aliuliza tu kama mumewe anaruhusiwa sweta. Gatwiri akalichukua sweta mwenyewe akalipeleka ndani.

Kiambi alilivaa bila kusema asante, na nani angemlaumu. Kidonda kilikuwa cha mabati, alisema, na aliyempa kazi ya mabati ni mpita njia asiyemjua jina. Alhamisi alishinda Makutano akingoja mteja, hakupata hata mmoja, na mtu asiye na mteja hana shahidi.

"Ile nyumba mimi siingii tena hata kwa bure," alisema. "Nilikwaruza kidogo tu, yule mama akalia kama ameletewa maiti. Sasa madam, nikipanda kwa korti Jumatatu, hata wakiniachilia Jumanne, nani Makutano atanipatia mzigo wake? Mtu wa mizigo akiitwa mwizi amekwisha."

Alikuwa amesema kweli, na Gatwiri hakuwa na la kumpa zaidi ya lile sweta.

Mchana wa Jumamosi hiyo hiyo akaenda Embu. Majimbo aliijua tangu utotoni, na haikumchukua muda kufika kwa mwenye nyumba mmoja, Winrose, mwanamke wa maneno machache, aliyesema kwamba ana mpangaji Mmeru, fundi, mlipaji mzuri, hana wageni, Krismasi hufunga mlango na kulala. Kwa sasa alikuwa Karurumo, yeye na wenzake wakipiga sakafu ya kanisa.

Gatwiri alimkuta huko akipiga randa. Alimtambua kabla ya kuuliza, kwa ule wembamba na mikono ile ile. Mutuma aliposikia neno Meru, randa lilisimama.

"Mama amekufa?"

"Mama yako ni mzima. Ameibiwa friza, na anasema wewe una ufunguo."

Kijana akakaa chini juu ya rundo la mbao. Alivuta pumzi kwa muda, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Alhamisi alikuwa hapo hapo tangu asubuhi, pamoja na mafundi wenzake na padri, na padri aliyekuwa karibu akathibitisha hivyo bila kuombwa. Basi mshukiwa wa pili akawa ametoka. Gatwiri angeweza kuondoka. Badala yake akamweleza jinsi friza lilivyotolewa, kwa sababu alitaka kumsikia mtu aliyefundishwa na Mzee Kithaka.

Na kijana akazungumza! Ilikuwa kama amefunguliwa bomba. Akasema hiyo ni njia ya kwao, baba hakukubali kitu kizito kiburutwe. Kwanza unatoa kila kilichomo ndani. Unafagia. Unatandaza. Halafu unasukuma, huvuti, na unasukuma chini, si juu, kisije kikapinduka. Walipohamisha kabati la vyombo yeye akiwa mdogo, kazi yake ilikuwa kukimbia na maganda ya nyuma kuyaleta mbele, na baba akimwita kondakta. Akauliza kama sakafu bado inang'aa. Akauliza kama ubao wa karibu na dirisha bado unalia ukikanyagwa. Gatwiri akasema unalia, na kijana akatikisa kichwa kwa furaha iliyomuuma.

"Ila kulikuwa na madoa," Gatwiri alisema. "Meusi, kutoka jikoni hadi mlango wa baraza."

"Basi ni maganda mabichi hayo. Baba alitumia makavu, sababu ya utomvu. Mama ndiye kila mara alisema makavu hayatelezi, leta mabichi, na wakagombana hapo mpaka chai inapoa, baba anasema mwanamke huyu atanimalizia sakafu, mama anasema..."

Macho yake yakaenda kwa Gatwiri, yakarudi kwenye mbao. Akashika randa akaanza kulainisha ubao uliokwisha kuwa laini.

Hata Gatwiri alikuwa ameliona sasa, lote kwa pamoja, na hakulifurahia.

"Huyo mtu wa pikapu mwachilieni," Mutuma alisema bila kuinua kichwa. "Andika ni mimi."

"Padri amesema ulikuwa hapa."

"Padri ni mzee. Husahau."

"Mutuma, kama unaweza kwenda jela kwa ajili yake, si uende tu nyumbani?"

Hapo kijana alilia, bila sauti, randa bado liko mkononi. Alisema habari za kifo zilimfikia mwezi mzima baadaye, kutoka kwa dereva wa lori. Alifika mpaka Makutano, akashuka, akasimama kando ya barabara akiangalia upande wa nyumbani, akapanda gari la kurudi. Mtoto wa kiume wa pekee, hakutupa udongo kwa baba yake. Angeingia kwa uso gani? Usiku, alisema, huota anafagia ile sakafu. Kisha akamwomba Gatwiri asimwambie mama alipo, na Gatwiri akachukua namba yake ya simu tu, akaahidi, kwa sababu mtu mzima asiye na kosa ana haki ya kujificha hata anapojiumiza.

Jumapili alimngoja Mama Mutuma atoke kanisani. Wakaketi barazani. Bundi, safari hii, alikuja na soksi mpya, akavua buti bila kuambiwa.

Gatwiri hakupiga kelele. Alisema friza lilitolewa vitu Jumatano na mtu aliyejua litahamishwa Alhamisi. Alisema wezi huwa hawafagii. Alisema pia kwamba friza halikuvuka ua, kwa hivyo limo humu humu, na kutoka mlango huu baraza la mbao linaelekea mahali pamoja tu. Kisha akaomba ufunguo wa karakana.

Mama Mutuma aliutoa shingoni, ulikuwa umefungwa pamoja na rozari. Bundi akafungua. Friza lilikuwa katikati ya karakana, limefunikwa kwa aproni ya marehemu, na maganda ya mgomba yamerundikwa pembeni yakinyauka.

"Peke yako, mama?" Bundi aliuliza, na katika sauti yake mlikuwa na heshima.

"Linateleza," mama alisema. "Mabichi yanateleza."

Halafu akayasema yote, maana mficha uchi hazai. Alikwenda kwa polisi zaidi ya mara moja mtoto alipopotea. Waliandika jina, wakamwambia mtu mzima aliyeondoka kwa miguu yake hatafutwi, mama, ngoja atarudi. Akangoja. Alingoja mpaka akachoka kungoja. Ndipo akamsikia mtu sokoni akisifu kwamba polisi walifuata mwizi wa ng'ombe mpaka Isiolo wakamleta. Akajiambia, kumbe mtoto wa mtu hatafutwi, mwizi anatafutwa. Basi akampa mwanawe wizi, ili atafutwe.

"Kiambi sikumtaja hata siku moja," alisema. "Walimleta wenyewe. Nikasema nikinyamaza kidogo tu, watamaliza na Kiambi, watamtafuta Mutuma. Kila siku nikasema kesho nitasema. Mke wake nilimwona pale kwa lango, nikapita njia ya nyuma. Mungu anisamehe, afande, nilimtaka mtoto wangu kuliko nilivyoogopa dhambi."

Gatwiri alijua sheria. Kutoa ripoti ya uongo ni kosa, na mtu asiye na hatia alikuwa amelala siku mbili kwenye simiti kwa ajili yake. Alimweleza hayo, kisha akamwambia na lingine.

"Nimemwona. Yuko hai, ana kazi. Ameniomba nisiseme ni wapi."

Mama akashika nguzo ya baraza. Hakuuliza ni wapi. Aliuliza kama amekonda, na alipoambiwa ni mwembamba, alisema hivyo ndivyo walivyo, kwao hakuna mnene.

Kituoni Kiambi alitolewa kwanza. Mama Mutuma alimsimamisha njiani akasema nisamehe, mwanangu, mbele ya askari wote. Kiambi akasema atamsamehe siku atakapokwenda Makutano mwenyewe, asimame kwenye stendi ya pikapu na kuwaambia watu. Mama akasema Jumatatu asubuhi atakuwa pale. Ntinyari akamshika mumewe mkono, wakaondoka, hotipoti haijafunguliwa.

Ilibaki kesi ya mama. Gatwiri hakutaka alale ndani, umri ule na baridi ya Meru. Bondi ya polisi ingetosha, apewe siku ya kurudi. Alihitaji mdhamini tu, mtu wa ukoo, mtu mzima, aje mwenyewe atie sahihi.

"Una nani?"

"Sina mtu," alisema mama.

Gatwiri akamwangalia, akatoa simu. Alikuwa ameahidi kutosema Mutuma alipo. Hakuwa ameahidi kutomwambia Mutuma mama yake alipo. Akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Mutuma, ni Inspekta Gatwiri. Mama yako amekamatwa. Anahitaji wa kumdhamini, na amesema hana mtu."

Kwa mbali ilisikika nyundo moja, ikakoma.

"Amesema hana mtu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie nakuja," sauti ilisema, imevunjika katikati. "Nakuja sasa hivi. Asile chakula cha huko."

Simu ikakatika. Mama Mutuma aliendelea kuitazama pale mezani. Akasema polepole kwamba sauti imekuwa ya baba yake kabisa. Kisha, huyo mama ambaye hajawahi kushikwa hata kwa kosa la mbuzi kula shamba la jirani, akasimama, akapanga leso yake, akatembea mwenyewe hadi mlango wa seli.

Bundi, kwa huruma, alinong'ona kwamba wangeweza kumwacha akae kwenye benchi, au hata kumwandikia bondi bila mdhamini, mkubwa wa kituo hangekataa kwa mama kama huyu.

Mama alimsikia. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi uso wake ulikuwa na hofu ya kweli.

"Tafadhali, afande," alimwambia Gatwiri. "Msiniachilie. Nifungieni vizuri, mpaka afike."